Nyama Nzuri Chini ya Bati Bovu

Kuna sifa moja ambayo huwa inanikera, na mara nyingi hutolewa na watu waliofika kwa gari lenye kiyoyozi. Wanakaa kwenye benchi lililopinda, wanapiga picha bati lenye kutu na ukuta uliobambuka rangi, wanakula nyama choma mpaka mfupa unabaki mweupe, halafu wanatangaza kwamba utamu wote umeletwa na ule uchakavu. Eti nyama ya kweli hailiwi penye vigae. Mimi ni mlaji wa siku nyingi, na nimewahi kuuziwa kwenye mabanda mabovu nyama ambayo paka wa pale pale aliinusa akaondoka zake. Bati bovu halijawahi kulainisha ubavu wa ng'ombe yeyote.

Hata hivyo, siwezi kukana kwamba nyama nzuri nilizokula maishani, nyingi nimezila mahali ambapo mkwe usingempeleka bila kumwandaa kwanza. Hapa Dar es Salaam, kule Arusha, na Nairobi kila nilipopata mwenyeji mwenye akili. Jambo likijirudia hivyo haliwi bahati tena. Lina sababu, na nikiitafuta naona inavuka mambo ya nyama: mtu mwenye kidogo anakitumia wapi, anabana wapi, na ni wapi ambapo hata umshike koo hakubali kubana.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ng'ombe anayefika kwenye wavu wa mchomaji wa Dar ni zebu mwenye nundu. Amekulia kwenye majani, ametembea sana kutafuta maji, akapakiwa kwenye lori huko Shinyanga, Singida au Dodoma mpaka mnada wa Pugu, na kutoka hapo akapelekwa machinjioni, pengine Vingunguti. Misuli yake imefanya kazi. Mafuta yake ni machache, na mengi yamejikusanya kwenye nundu, ndiyo maana wanaojua huulizia nundu kabla haijaisha. Nyama yake ina ladha nzito lakini ni ngumu, na ugumu huo haufichiki kwa maneno.

Marekani, ng'ombe wa steki hulishwa nafaka miezi ya mwisho, mara nyingi huchinjwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na nyama yake huwekwa kwenye ubaridi wiki mbili au zaidi ili vimeng'enya vilivyomo ndani yake vilegeze nyuzi zenyewe kwa zenyewe. Kwetu ng'ombe aliyechinjwa usiku, mchana yuko kwenye wavu, misuli ikiwa bado imekakamaa. Kazi ambayo wenzetu wameiachia friji, hapa inafanywa na mtu mmoja aliyesimama mbele ya mkaa, kwa moto na chumvi basi.

Ndiyo maana nyama choma haitaki haraka. Zile kano na utando mweupe unaofunga misuli vimejaa kolajeni, na kolajeni haiyeyuki kwa kutishwa. Nyama ikipita nyuzi joto 60 hivi huanza kulegea taratibu na kugeuka jelatini, ile hali ya kunata kidogo mdomoni ambayo mbavu nzuri inayo. Ukikimbiza moto, nje kunaungua na ndani unatafuna raba. Mchomaji ninayemwamini huweka nyama mbali na makaa kwa muda mrefu, anaigeuza bila pupa, anainyunyizia maji ya chumvi kwa kifagio kidogo cha majani. Kisha, dakika za mwisho, maji yanakoma. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba nyama yenye maji haipati rangi. Ni kweli tupu: uso wa nyama ukiwa na unyevu hauwezi kupanda juu ya nyuzi 100, na ule ukahawia wenye harufu, ambao Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912, unahitaji joto la kama nyuzi 140. Ukiona nyama imeletwa mezani ikiwa ya kijivu, jua aliyeichoma aliogopa kuacha kumwagia maji, au mwenye njaa alimsumbua mpaka akaitoa.

Sasa tazama mahali penyewe. Mbele kuna bucha, nyuma kuna jiko, pembeni meza. Mzoga unaning'inia kwenye ndoano, nusu ukiwa umeshakatwa, na juu ya ngozi ya mafuta unaona muhuri wa mkaguzi wa nyama kwa wino wa zambarau. Huo muhuri mimi huutafuta kabla sijatafuta kiti. Maana yake ni kwamba kuna mtu alichana misuli ya taya na moyo kutafuta vifuko vya tegu, na ini akalipasua kuangalia kilichomo. Halafu kuna gogo la kukatia, panga, mizani. Muuzaji ananiuliza, "Mzee, mbavu au mkono?" Siku moja, kwa uvivu, nilimwambia anichagulie. Akakataa. "Chagua mwenyewe mzee, ukinichagulisha mimi ikiwa ngumu utanidai." Nilicheka, lakini ameshika jambo kubwa: pale kwake mlaji na muuzaji wanaangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja, kikiwa kibichi, kabla fedha haijatoka mfukoni. Kilo inapimwa mbele yangu ikiwa mbichi, na wote tunajua kwamba motoni itapungua robo yake au zaidi. Hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Nalinganisha hilo na kioo safi chenye taa. Mwaka 2019 kituo kimoja cha televisheni jijini Nairobi kilionyesha jinsi baadhi ya maduka makubwa yalivyokuwa yakipaka nyama kuukuu kemikali ya sodiamu metabisulfaiti ili irudi nyekundu kama ya asubuhi. Watu walishtuka kweli kweli, na wengi wao walikuwa ndio wale walioacha bucha za mtaani kwa sababu ya nzi. Sisemi nzi ni wazuri. Nasema usafi unaoonekana ni bidhaa kama nyingine, unaweza kununuliwa peke yake bila ile nyama iliyotakiwa kuja nao. Bucha ya mtaani haina uwezo wa kununua mwonekano. Ikiwa na nyama ya jana, utaiona ni ya jana.

Nyingi ya bucha hizi pia hazina friji ya maana, na hapo ndipo penye siri ambayo wapiga picha hawaioni. Asiye na friji hana pa kuficha. Alichonunua alfajiri lazima kiishe usiku, la sivyo ni hasara yake. Kwa hiyo ananunua kwa hesabu, na kama watu ni wengi, unachokula wewe saa kumi jioni kiliingia asubuhi. Lakini hesabu hiyo hiyo inakata pande zote mbili. Banda bovu lisilo na watu, lisilo na friji, lenye paja linalozubaa tangu jana, hilo ni la kupita kwa mwendo wa haraka, hata kama kutu yake inapendeza kwenye picha. Kinachonivuta mimi ni msongamano: bodaboda wamekaa na karani wa benki aliyelegeza tai, na fundi magari aliyekuja na nusu kilo yake moja kwa moja kwa mchomaji, hata bila kuketi.

Nikishaingia, huwa naangalia vitu vichache ambavyo havina uhusiano na rangi ya ukuta. Maji ya kunawa yanatoka moto au baridi? Mahali ninapopenda kule Arusha sakafu imepasuka hadi unaweza kupoteza sarafu, na choo chake sitakisimulia hapa. Lakini kijana wa kunawisha anakuja na birika la maji ya moto ya kweli, yenye kuchoma vidole kidogo, na sabuni ya maji ambayo haijapunguzwa ikawa uji. Anakumiminia mara mbili, kabla na baada. Mwenye mahali angeweza kuokoa mkaa hapo. Hataki. Halafu kuna ubao. Nyama inaletwa kwenye ubao mzito wa mti, na katikati ubao huo umeliwa na visu vya miaka mingi mpaka umekuwa na bonde ambamo mchuzi wa nyama unajikusanya pamoja na chumvi. Ubao wenyewe kila usiku unasuguliwa kwa maji ya moto na ndimu, na harufu yake unaipata ukiinama. Kisu kinachokata nyama mbele yako kinateleza kama hakuna mfupa. Anakinoa asubuhi, anakinoa mchana, na ukikigusa bila ruhusa unafokewa.

Kachumbari inakuja kwenye sahani ya plastiki iliyofifia maua. Nyanya imekatwa sasa hivi, kitunguu kimeoshwa kwa chumvi ukali ukapungua, pilipili mbuzi iko pembeni ili mwenye tumbo dogo asionewe. Ndizi za kuchoma, au ugali wa moto. Ndiyo orodha yote. Ukiuliza pasta utatazamwa kwa huruma.

Huo ndio mpangilio wa thamani ninaouzungumzia. Mtu huyu hakuacha kila kitu kichakae; alichagua. Alikuwa na shilingi zake chache, akaziweka kwenye ng'ombe mzuri, mkaa wa mti mgumu, kisu, maji ya moto na muda wa mchomaji. Zilipoisha, kiti kikabaki kimevunjika mgongo. Mahali pa anasa panapokosea, mara nyingi pamefanya kinyume chake: fedha zimekwenda kwenye taa, pango la mjini, sare za wahudumu na orodha ya vyakula yenye kurasa nyingi, na zilizobaki ndizo zikanunua nyama. Mlaji analipia vyote hivyo kwa pamoja bila kuonyeshwa mgawanyo wake. Kuna hoteli kubwa zinazomudu vyote, na nikialikwa huko naenda kwa moyo mweupe. Ila wengi wetu hatumudu vyote, si katika chakula tu. Tunajenga nyumba, tunasomesha watoto, tunafanya harusi, na kila mahali kuna swali lile lile la wapi kiti kiachwe kivunjike. Nimeona harusi zenye mapambo ya mamilioni ambapo wageni wa meza za nyuma walirudi nyumbani wakakorogewa uji.

Nairobi nina mahali pengine pa kujifunzia hesabu hii. Kenyatta Market ni soko ambalo upande mmoja kinamama wanasuka nywele, viti vimejaa barabarani, na upande mwingine moshi wa nyama unapanda kutoka vibanda vilivyobanana. Mwanamke anaweza kukaa saa nyingi akisukwa, na nyama yake ikawa inaiva hatua chache tu kutoka alipo. Nimeona ubao ukiletwa mpaka kwa msusi, naye akala kipande kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika msuko. Pale hakuna anayejifanya yuko mahali pengine. Mwenyeji wangu, ambaye ni mhasibu na anapenda kubishana, husema ubora wa pale unatokana na majirani: vibanda vimeshikana, moshi ni mmoja, bei zinalingana, kwa hiyo silaha pekee iliyobaki ni nyama. Ukiharibu leo, mteja hahitaji hata kupanda gari kukuhama. Anageuza kichwa tu. Nakubaliana naye, na siku moja moja namnyima raha ya kujua hilo.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwezi Mei 2024, kitabu cha Michelin, kile cha kupima migahawa, kilipotoa kwa mara ya kwanza nyota zake nchini Mexico, moja ilikwenda kwa El Califa de León, kibanda cha taco jijini Mexico City kilichopo tangu 1968. Ni kachumba kadogo sana, wateja wanakula wamesimama, na kinachosifiwa zaidi ni pande jembamba la nyama laini ya ng'ombe linalowekwa kwenye bamba la moto, likatiwa chumvi na ndimu, likalazwa juu ya mkate wa mahindi. Zaidi ya hapo hakuna la ajabu. Kampuni ya matairi ya Kifaransa, ambayo kwa miaka mingi ilihusishwa na vitambaa vyeupe vya mezani, ilikubali kwamba joto lile la kuchosha na ukosefu wa kiti havikuwa na uzito mbele ya nyama. Nilifurahi, ingawa niliwaonea huruma wateja wa zamani, maana foleni ilirefuka mara moja.

Nao Wamasai, ambao wanatudai wengi wetu deni la nyama choma bila kulipwa, hawakuhitaji kitabu. Katika olpul, kambi ya kula nyama porini, wanaume hujitenga na maboma, humchinja dume, nyama ikachomwa kwa vijiti kuzunguka moto, na supu ikachemshwa na mizizi na magome ya miti. Hapana paa, wala meza. Lakini yupo anayejua kiungo gani kinaanza, nani anakipata, na moto uweje. Utaratibu wote umewekwa kwenye nyama na kwenye watu, na nadhani mabanda yetu bora yamerithi angalau nusu yake.

Narudi kwa wapenda kutu, maana sijamalizana nao. Wanachosahau ni kuuliza kwa nini mahali pamebaki pabovu. Baa nyingi za Dar zina mpango huu: mwenye baa anauza bia, na jiko amempangisha mtu mwingine. Mchomaji mkuu, yule ambaye kwa ajili yake umevuka mji mzima kwenye foleni, ni mpangaji, na mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Akipaka rangi, akiweka vigae, akinunua viti, jina lake likikua, kodi ya jiko inapanda. Wapo walioondolewa kabisa, jiko likachukuliwa na mpwa wa mwenye baa, na wateja wakaja kugundua siku ya Jumamosi nyama ikiwa mdomoni. Wale wa vibanda vya kando ya barabara nao wana hofu yao. Oktoba 2021, machinga walipoondolewa kwenye barabara za mijini nchini kote, vibanda vingi vya chakula vilikwenda pamoja nao. Mtu aliyeona tingatinga likifanya kazi mara moja hawezi kuweka akiba yake kwenye sakafu. Ataiweka kwenye vitu anavyoweza kubeba akikimbia: kisu, wavu, mizani, na ujuzi wake.

Kwa maneno mengine, sehemu ya ule uchakavu tunaousifu ni hofu ya mpangaji. Ukishalijua hilo, picha ya bati lenye kutu haipendezi tena kwa namna ile ile. Pia unaacha kushangaa kwa nini mchomaji mwenyewe, ukimuuliza ndoto yake, haongei habari za mila na uasili. Anataka vigae. Anataka friji kubwa, choo cha wateja, taa nyeupe, kibao chenye jina lake. Anataka kila kitu ambacho wapenda kutu wanaogopa kitamharibu, na ana haki nacho kuliko wao. Inawezekana kweli siku akipata vigae nyama ikashuka, kama ilivyotokea kwa wengine niliowafuata hadi kwenye majengo yao mapya. Lakini nikikumbuka, waliposhuka haikuwa kwa sababu ya sakafu. Walimwacha mchomaji wa zamani kwa kuwa alitaka nyongeza ya mshahara, wakaajiri vijana wanaobadilika kila mwezi, wakaongeza kuku, samaki na pizza, na nyama ikaanza kuchemshwa kwanza jikoni ili iwahi kutoka. Walianza kubana mahali pasipobanwa. Wangeweza kuweka vigae na bado wakamlipa yule mzee.

Kitu ambacho mimi ningeanza nacho, kama ningekuwa na sauti pale, ni moshi. Mchomaji ninayemsifu hapa anasimama mbele ya mkaa kuanzia saa tano asubuhi mpaka usiku, macho mekundu, kikohozi hakimtoki. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwenye jiko la nyumbani gesi itasaidia sana. Kwa nyama choma sijaona mbadala wa mkaa ambao walaji watakubali, mimi nikiwemo, na huo ni unafiki wetu wa kila Jumamosi. Angalau bomba la kutolea moshi linawezekana leo, kwa bati na fundi wa kawaida. Nilimwambia mwenye jiko apandishe kilo kwa shilingi elfu moja, watu watalipa. Akaniambia nianze mimi. Nikalipa, na wawili watatu wa meza ya jirani waliosikia nao wakalipa, mmoja akilalamika kwa sauti huku akitoa. Fedha ya bomba imeshatimia sasa, na fundi amepatikana. Kinachosubiriwa ni mwenye baa akubali ukuta wake utobolewe.